Fundi Feni wa Njoro na Chuma Kimoja Kilichopungua

Hellen Ndelilio anatengeneza feni Njoro. Ana miaka thelathini na sita, ana kibanda cha bati chenye feni kumi na mbili zimening'inia kama kuku mnadani, na ukimpelekea blenda iliyoungua usimdanganye, anajua ulisaga barafu. Pia anapiga jazi. Kwa vibrafoni. Najua nusu yenu mmeshafungua Google. Ifungeni, nawaambia mimi.

Vibrafoni ni marimba ya chuma. Vyuma thelathini na saba vimelazwa mistari miwili, kwa mpangilio ule ule wa vidole vya kinanda, vyeupe na vyeusi, ila hapa vyote vina rangi moja. Chini ya kila chuma kuna bomba, na kwenye mdomo wa bomba kuna kisahani kinachozungushwa na mota. Kinafungua, kinafunga, ndiyo maana sauti inatetemeka. Chini kabisa kuna pedeli. Ukikanyaga, sauti inabaki hewani. Ukiachia, inakatika. Unapiga kwa fimbo zenye vichwa vya uzi, mbili kila mkono ukishakuwa mjuaji. Basi, hakuna uchawi zaidi ya huo.

Ya kwake ililetwa miaka ya themanini na mwalimu mmoja wa muziki kutoka Ulaya, kwenye usharika wa huko Old Moshi juu, alikozaliwa Hellen. Mwalimu akarudi kwao, marimba ikabaki stoo chini ya viti vibovu na turubai la sherehe. Miaka sita iliyopita wazee wa kanisa wakasafisha stoo, mtu akaona waya na plagi. Sasa kitu chochote chenye plagi huko juu kikifa kinapelekwa Njoro kwa Hellen. Hakuna mjadala.

Mota ilikuwa imekufa kweli. Hellen akaitoa, akaweka ya feni ya mezani, akaiunganisha na mkanda wa cherehani, na vitufe vya feni akaviacha palepale: moja, mbili, tatu. Namba tatu inatetemeka kama mbuzi mwenye baridi. Akawasha namba moja, akagonga chuma cha katikati kwa mpini wa bisibisi.

"Nilikaa chini," aliniambia. "Sikujua ni kitu gani. Nilijua tu kwamba sitaki kukirudisha."

Bahati yake, kwaya haikukitaka. Mwalimu wa kwaya alishuka, akasikiliza dakika mbili, akasema kinalia kama simu ya ofisini ya zamani, watu watadhani mchungaji anapigiwa. Usharika ukamwambia Hellen akae nacho.

Kulikuwa na kasoro moja. Vyuma vilikuwa thelathini na sita. Palipopungua ni katikati kabisa, mstari wa juu, mahali pa noti inayoitwa B flati. Pengo la jino la mbele, yaani. Ukitabasamu tu linaonekana.

Miezi ya mwanzo alijifunza kwa simu. Akifunga kibanda saa kumi na moja anaweka video, anapunguza mwendo mpaka yule mpigaji anaonekana kama anaogelea kwenye uji, anaiga mkono wa kulia, kesho mkono wa kushoto. Fimbo alizitengeneza mwenyewe, uzi akaufumua kwenye masweta ya mitumba. Majirani wakalalamika wiki mbili, wakachoka. Angeweza kuendelea hivyo mpaka leo na angekuwa mbaya mpaka leo, maana video haikuambii unachokosea. Hilo watu wa kujifunza mtandaoni hatupendi kuambiwa.

Aliyemwambia ni Mzee Thadeus wa Shirimatunda. Mzee Thadeus ana miaka sabini na moja, anafuga sungura, na ujanani alipuliza saksafoni kwenye bendi za dansi. Bendi zenyewe zilijiita jazi wakati zinapiga dansi, lakini yeye jazi yenyewe aliisaka kwenye kanda, akaimeza. Siku hiyo alikuwa amepeleka feni yake. Akamkuta fundi amekanyaga pedeli mpaka mwisho, sauti zote zimechanganyikana, kama rafu ya masufuria inaanguka jikoni.

"Nani amekufundisha kukanyaga hivyo?"

"Shikamoo mzee. Hakuna aliyenifundisha."

"Marahaba. Inasikika. Toa mguu, mwanangu, unapika supu."

Akatoa mguu. Mzee akaacha feni, akarudi kesho yake na kesho kutwa. Sheria yake ilikuwa moja: wimbo kama huwezi kuuimba, usiuguse. Kwa hiyo kuna mwezi mzima wateja wa Njoro walimkuta fundi wao kashika bisibisi anaimba du-ba, du-ba-di, anarudia, anakunja uso, anarudia. Mama mmoja aliondoka na pasi yake akidhani fundi hayuko sawa. Alirudi, kwa sababu hakuna fundi mwingine anayemwambia ukweli.

Alipoanza kuupata muziki ndipo lile pengo likaanza kumuuma. Saksafoni ya Mzee Thadeus, noti yake ya nyumbani ni B flati. Nusu ya nyimbo anazozijua zinazunguka huko na huko halafu zinarudi hapo. Hellen anafika mlangoni, mlango hamna. Akajifunza kuruka: anapiga B flati ya juu, au ya chini, au anakohoa. Ilisikika kama mtu mwenye viatu vipya anakwepa dimbwi.

Msiniandikie kwamba angetengeneza kingine. Alijaribu. Alichukua alumini kwa mafundi wa madirisha, akakata, akapiga msasa chini yake siku nzima. Cha kwanza kililia kama kijiko kwenye bakuli. Cha tatu kilipata noti yenyewe lakini kilikuwa na pumzi ya sekunde moja, kinasema na kufa. Aliandikia duka moja la nje, wakamjibu kwa upole kwamba nchi yake haipo kwenye orodha yao. Sawa.

Sasa Fredy. Fredy ana bustani ya kunywea kahawa mjini, viti vya mbao, miti, Jumamosi mchana anaweka muziki. Mapema mwaka huu aliwaruhusu Hellen na Mzee Thadeus wapige mara moja. Walipomaliza akamwita pembeni.

"Dada Hellen, we ni mkali. Sikudanganyi. Ila kuna mahali wimbo unachechemea. Wateja wamesikia. Mimi nimesikia, na mimi muziki sijui kitu."

"Kuna chuma hakipo."

"Basi kitafute. Kuanzia mwezi ujao Jumamosi zangu zote nampa mtu mmoja, na kuna jamaa wa kinanda kashaniomba. Kinanda chake kina meno yote."

Miaka sita Hellen alikuwa amezipigia feni tu. Zile Jumamosi alizitaka. Alisema hivyo bila aibu na mimi namwelewa: ukijua kitu, unataka siku moja watu wakae mbele yako wasikilize, watu ambao hawajaja kuchukua pasi.

Akapanda Old Moshi kumsalimia mama yake, akamweleza huku wanamenya ndizi za mtori. Mama akauliza, "Chuma chenyewe kikoje?" Hellen akachora kwa kidole mezani: bapa, urefu wa kisu cha jikoni, tundu huku na tundu huku. Mama akaendelea kumenya.

"Si kama kile cha baba yako mkubwa, cha kwenye mfongo?"

Mfongo ni mfereji wa zamani unaotoa maji mtoni na kuyaleta kwenye vihamba, migombani na kwenye kahawa. Una kamati, una zamu, una mwenyekiti. Mwenyekiti ni Meku Eliakim, kaka wa marehemu baba yake Hellen. Watu wakitakiwa kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kuzibua mfongo, Meku anagonga kengele. Hellen alihamia Njoro kwa shangazi yake akiwa na miaka kumi na minne, enzi hizo kengele ilikuwa rimu ya lori. Hii mpya hakuwahi kuisikia.

Akaenda. Ilikuwa imening'inizwa kwa waya kwenye mti, juu ya mdomo wa pipa tupu, tundu lake lile lile la kiwandani limepitishwa waya kama limetobolewa kwa kazi hiyo. Akaigusa kwa ukucha. Pipa likaitika. B flati.

"Shikamoo baba mkubwa," alisema bila kugeuka, maana alishasikia fimbo inakuja.

"Marahaba. Umekuja kunisalimia au umekuja kuangalia kengele yangu?"

"Vyote."

"Kusalimia tumemaliza."

Meku hakuiba. Mwaka 2006 wezi wa vyuma chakavu walibeba rimu, akaenda kwa mchungaji wa wakati huo, akaambiwa achukue chuma chochote stoo. Akagonga kimoja kimoja, akachagua kilichomfurahisha, akahangaika na ndoo na mabeseni mpaka akapata pipa linalokiitika. Mtu huyu hajawahi kuona vibrafoni inafanya kazi na amegundua peke yake kazi ya lile bomba. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Sasa ulitaka kilie bila pipa?"

Hellen akamwahidi rimu mpya.

"Mfongo wa ng'ambo wana rimu," Meku akasema. "Nikiweka rimu, watu wangu watasema walidhani ni ya wenzao. Hicho kisingizio wanakitafuta miaka yote. Nitamtoza nani faini? Sauti ya hiki hakuna anayeweza kusema hakuijua."

"Wanakuja lakini?"

Hapo mzee akaangalia mfongo. Mara ya mwisho walikuja sita, wawili kati yao wakiwa wamekuja kusalimia. Banio la juu, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni, lilikuwa limejaa mchanga na magogo tangu masika, maji yanashuka kama ya kuazimwa.

"Niazime siku moja baba mkubwa. Jumamosi."

"Hakivuki daraja la kushukia mjini."

"Basi marimba ndiyo itakuja."

"Ije. Marimba haijakatazwa. Jua likizama, chuma kiko mtini."

Fredy alipopigiwa simu aliona anataniwa. Hellen akamwambia wimbo uko kamili, aje ausikie.

"Nitumie video."

"Uliniambia video huziamini, watu wanabandika sauti."

"Old Moshi juu? Nije na nini?"

"Na masikio."

Jumamosi hiyo kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, ilipanda na vibrafoni imefungwa kamba na mablanketi, mzee wa Shirimatunda mbele, saksafoni mapajani ndani ya taulo. Wakaipanga uani kwa mama, pembeni ya migomba. Hellen akaosha chuma. Kilikuwa na makovu ya nondo miaka kumi na tisa na kinyesi cha ndege cha juzi. Akapitisha kamba kwenye matundu, akakilaza kwenye pengo lake. Kilikaa. Akaweka maikrofoni na spika aliyoitengeneza mwenyewe, akaielekezea bondeni ili isimpigie kelele mama yake. Meku alikuwa kikaoni kanisani. Fredy akafika kwa bodaboda amevaa raba nyeupe, akakaa kwenye ndoo.

Wakaanza. Wimbo ni wa Mzee Thadeus mwenyewe, aliutunga zamani akakosa mtu wa kuupiga naye. Saksafoni inauliza, vibrafoni inajibu, wanazunguka, na kila mzunguko unaishia kwa Hellen peke yake: B flati tatu, pumzi, tatu, pumzi, tatu. Miaka yote alikuwa akiishia kwa kuruka. Safari hii alitua. Mara ya kwanza alitua akacheka, akakosea kilichofuata. Mara ya pili akatua vizuri. Mara ya tatu akaongeza spika.

Aliyefika wa kwanza ni Lukresia, jirani, jembe begani, sketi ameikunjia kiunoni.

"Umepasuka wapi?" akauliza.

"Nini?"

"Mfongo."

Nyuma yake wanaume wawili na makoleo. Halafu kijana na sururu, bado anatafuna. Halafu wakatoka migombani kila upande, majembe, panga, ndoo, mama mmoja na kitoto mgongoni, mzee mmoja na reki ambayo sijui alitaka kuifanyia nini. Kwa sababu huko, tatu, pumzi, tatu, pumzi, tatu, haina maana nyingine. Ni njooni na vyombo. Hellen alikuwa hajui, enzi zake rimu iligongwa mfululizo tu, na Mzee Thadeus ni mzaliwa wa Mkuu, Rombo, angejulia wapi. Wakawa watu arobaini na watatu. Naijua idadi kwa sababu Meku aliwahesabu.

Alikuja mbio kutoka kanisani, kofia mkononi.

"Nani kapiga?"

Majembe yote yakamnyooshea Hellen.

"Ni mimi baba mkubwa. Nilikuwa napiga wimbo."

"Tatu, tatu, tatu. Huo ni wimbo?"

"Mwisho wake, ndiyo."

"Ni mimi niliyeupanga hivyo," Mzee Thadeus akasema.

"Wewe wa wapi?"

"Mkuu."

"Rombo," Meku akasema, kama amepata maelezo yote aliyoyahitaji.

Watu wakaanza kuguna. Mmoja akasema basi turudi. Meku akainua fimbo. Mfongo ule una sheria ya tangu mababu: kengele ikilia na watu wakatoka, jembe halirudi nyumbani safi. Hata kama aliyegonga ni upepo. Na aliyegonga anatangulia mbele.

Fredy akaanza kusogea kwenye bodaboda.

"Na wewe mwenye viatu vyeupe," Meku akasema.

"Mimi mgeni, mzee."

"Umesikia kengele?"

"Nimesikia."

"Basi."

Walichimba masaa matatu. Hellen aliingia kwenye banio mpaka magotini, akatoa magogo na wanaume wawili wanaomwita fundi kwa kejeli, "Fundi, hili nalo linatumia umeme?" Fredy alivua raba, akazining'iniza shingoni, akapewa koleo, na baada ya nusu saa alikuwa anagombana na watu kuhusu mahali pa kumwaga mchanga kama kazaliwa pale. Mzee Thadeus hakupewa jembe kwa umri wake. Akakaa ukingoni akapuliza, wakamwambia aharakishe mwendo, akaharakisha, wakamlaumu. Kuna mtu alileta ndoo ya mbege, pombe ya ndizi. Saa tisa gogo la mwisho likang'oka, maji yakapita kwa sauti ambayo, wakubwa walisema, haijasikika tangu mwaka juzi.

Meku alisimama akiangalia maji muda mrefu. Halafu akamgeukia mtoto wa mdogo wake, matope mpaka kwenye nywele.

"Mimi nikipiga wanakuja sita. Wewe wamekuja arobaini na watatu. Kwa nini?"

Lukresia ndiye aliyejibu.

"Wewe tumekuzoea, Meku. Hii ilikuwa inatetemeka. Tulijua kuna jambo."

Hata Meku alicheka, na huyo hachekagi ovyo.

Kwa hiyo hadhira ya kwanza ya wimbo kamili ilikaa uani kwa mama yake ikiwa imeshika mabakuli ya mtori, imelowa. Viganja vyake vilikuwa na malengelenge, fimbo nne zinateleza, akaacha mbili akapiga na mbili zilizobaki. Sitawaambia alipiga kama malaika. Alikosea mara mbili, na Mzee Thadeus alimkazia macho mara zote mbili. Lakini wimbo ulikwenda, ukazunguka, na ulipotaka kurudi nyumbani, nyumba ilikuwepo. Tatu, pumzi, tatu, pumzi, tatu. Safari hii hakuna aliyenyanyuka. Walikuwa wameshafika.

Fredy alikuwa kwenye ndoo yake, miguu mitupu, anakwangua matope vidoleni.

"Jamaa wa kinanda nitamwambia nini sasa," akasema.

"Mwambie aje achimbe," akajibu Lukresia.

Kikabaki kitu kimoja, daraja. Jua lilikuwa linashuka, Hellen akaanza kufungua kamba atoe chuma, maana ahadi ni ahadi. Meku akamzuia mkono.

"Jumamosi kitavuka," akasema. "Jioni kinarudi. Na msaragambo wa kila mwezi utapiga wewe, kwa spika yako hiyo, na hicho kitetemeshi kiwe namba moja."

"Aika, asante, baba mkubwa."

"Ukichelewa kukirudisha, faini ni debe la mbege."

Ameshalipa debe moja. Kirikuu iliharibika.

Nilienda Jumamosi iliyopita, ya sita tangu aanze pale. Chuma huwa kinashuka kimefungwa kwenye kitenge, Hellen anakipakata. Bustani ilikuwa imejaa kiasi, siyo sana, watu wanaongea wakati wa muziki kama kawaida yetu. Wimbo wa Mzee Thadeus ulipofika mwisho, nje ya uzio alikuwa anapita mama mmoja na mfuko wa pumba kichwani. Tatu, pumzi, tatu. Akasimama katikati ya barabara. Akaangalia mkono wake wa kulia, hauna jembe. Akachungulia ndani, akamwona Hellen, akasema kitu kwa Kichagga ambacho Hellen alikataa kunitafsiria. Halafu akaingia, akatua mfuko, akavuta kiti cha mbele kabisa.